Kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kujitegemea: mwongozo kamili wa mwaka mzima

Mtoto anayeanza darasa la kwanza ana miaka sita hivi, na kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka mchana hana mama, hana dada, hana bibi. Yuko na mwalimu mmoja na wenzake, na katika shule nyingi za serikali wenzake hao ni sabini, themanini, hata mia na zaidi. Mwalimu huyo atamfundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Kumfunga zipu hataweza, kumtafutia soksi hataweza, kumkumbusha anywe maji hataweza. Ninafundisha darasa la kwanza Dar es Salaam, na machozi mengi ninayoyafuta mwezi wa Januari hayatokani na masomo. Yanatokana na kifungo kilichogoma, penseli iliyopotea, haja iliyobanwa mpaka ikamshinda mtoto.

Wazazi huniuliza waanze na nini. Wengi tayari wameanza na lile kubwa: wanataka mtoto aende shule peke yake kwa sababu wa jirani anaenda peke yake, ilhali nyumbani mtoto huyohuyo bado anavalishwa na kulishwa. Mimi hutumia kigezo kimoja: akikosea, hasara yake ni nini? Kazi ambayo kosa lake linafulika au linafutika, mkabidhi mapema na umwachie kabisa. Kazi ambayo kosa lake ni hela au aibu, mkabidhi kidogokidogo. Kazi ambayo kosa lake ni uhai au mwili wake, baki nayo muda mrefu, hata kama majirani watasema unamdekeza. Hatua zote hapa chini zimepangwa kwa kigezo hicho, na zinatosha mwaka mzima.

Hatua ya 1: Mwangalie wiki moja kabla hujabadilisha chochote

Chukua daftari. Kwa wiki moja andika kila jambo ambalo mtu mwingine anamfanyia mtoto, tangu anapoamka hadi anapolala. Anapohangaika na kitu, hesabu kimoyomoyo hadi ishirini kabla hujanyoosha mkono. Utashangaa ni mangapi anayaweza, ila mnamfanyia kwa sababu mna haraka.

Kisha kaa na watu wote wa nyumbani. Hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Dada wa kazi akisikia gari la shule linapiga honi na mtoto bado anahangaika na kiatu, atamvalisha tu, maana mtoto akiachwa lawama ni zake. Kwa hiyo mwondolee lawama mapema: “Dada, kuanzia Jumatatu viatu anavaa mwenyewe. Akichelewa, wewe huna kosa.” Bibi naye usimpe masharti, mpe kazi: “Mama, naomba wewe ndiye umfundishe mjukuu wako kukunja nguo.” Bibi aliyepewa heshima ya kufundisha hatakubali mwanafunzi wake afanyiwe.

Kabidhi kazi moja kwa wakati. Subiri iwe mazoea ndipo uongeze nyingine. Kama mtoto ana ulemavu au huchelewa kushika mambo, kigezo ni kilekile, ila kazi moja igawe vipande vidogo zaidi: leo anavuta zipu tu, kuichomeka unamfanyia wewe.

Hatua ya 2: Choo, kabla ya herufi

Wazazi huona haya kulizungumzia hili, na darasani ndilo linalowatesa watoto kuliko hesabu. Mtoto aliyezoea choo cha kukaa nyumbani anakuta shuleni choo cha kuchuchumaa, chenye giza, harufu na foleni ya wakubwa wa darasa la saba. Anaamua kubana. Ili abane vizuri anaacha kunywa maji. Mzazi anayefungua begi jioni na kukuta chupa ya maji imerudi imejaa ameshapata taarifa kamili. Mtoto anayebana kila siku hurudi na kichwa kinamuuma, hufunga choo, na huwa rahisi kupata maambukizi ya njia ya mkojo.

Fundisha hivi, na kama shule haijafunguliwa bado, anza leo.

Mzoeshe kuomba ruhusa kwa sauti inayosikika. Simama mwisho wa sebule, yeye asimame mwisho mwingine, aseme: “Mwalimu, naomba kwenda chooni.” Arudie mpaka umsikie bila kumkodolea macho. Watoto wengi husema kwa kunong’ona, mwalimu hasikii, nao wanadhani wamekataliwa.

Mpeleke kwenye choo cha kuchuchumaa, kwa jirani au kwa ndugu, akiwa amevaa sare yenyewe. Kaptula ishuke mpaka magotini tu, isifike kwenye vifundo vya miguu. Sketi ikunjwe mbele na kushikwa kwa mkono mmoja. Hapo ndipo utagundua kwamba mkanda mpya ni mgumu kwa vidole vyake, au kifungo cha kiunoni hakiingii kwenye tundu. Mpelekee fundi atie lastiki kiunoni. Ni kazi ndogo, na itamwokoa mtoto mwaka mzima.

Kuchamba ajifunze taratibu: kopo mkono wa kulia, kusafisha kwa mkono wa kushoto, kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa mtoto wa kike mwelekeo huo ni wa lazima, kwani ndio unaozuia uchafu kuingia njia ya mkojo. Amwage maji chooni, anawe kwa sabuni. Kama shuleni sabuni haipatikani, mkatie kipande kidogo, kitie kwenye kimfuko begini.

Weka pia nguo ya ndani na kaptula ya akiba ndani ya mfuko, na mtoto ajue vipo na viko wapi. Mwambie akijikojolea amsogelee mwalimu na kumnong’oneza. Mtoto anayejua kwamba hata likitokea kuna la kufanya, huliogopa kidogo.

Chakula ni jepesi zaidi. Mpe hotpoti na chupa atakazobeba, zilezile, azifungue na kuzifunga mwenyewe mbele yako. Kifuniko kikimshinda nyumbani, shuleni atashinda njaa huku chakula kiko mapajani.

Hatua ya 3: Asubuhi hutengenezwa usiku

Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Anayeamka saa kumi na moja na nusu alfajiri awe amelala saa mbili usiku. Mtoto aliyekesha na tamthilia hawezi kujivalisha asubuhi, na hilo si suala la ukaidi.

Kabla ya kulala, apange nguo kwenye kiti kimoja kwa mpangilio wa kuvaa: nguo ya ndani juu, kisha shati, kaptula au sketi, sweta chini kabisa. Soksi ziingie ndani ya viatu. Ukutani bandika michoro mitano: kitanda, mswaki, nguo, chai, begi. Ichoreni pamoja, hata kama haipendezi. Asubuhi badala ya kupiga kelele, uliza: “Mchoro gani unafuata?”

Vifungo vya shati afunge kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu chini anaona anachokifanya na shati halikai upande. Viatu vya kamba vikimpa shida, muhula wa kwanza mnunulie vya kubandika, kamba mfundishe Jumamosi mkiwa hamna pa kuwahi. Ongeza dakika ishirini kwenye asubuhi yenu kwa mwezi wa kwanza. Bila dakika hizo utaishia kumvalisha.

Hatua ya 4: Soksi ziwe zake

Kazi ya kwanza ya kumwachia moja kwa moja, nashauri iwe kufua soksi za shule. Ni ndogo kama mikono yake, hufuliwa kila jioni, na kosa lake ni doa tu.

Mpe beseni dogo, maji nusu, na kipande cha sabuni kinachotosha kiganja chake. Ageuze soksi ndani nje kwanza, atoe mchanga. Alowanishe, apake sabuni kisigino na sehemu ya vidole, maana ndipo uchafu unapokaa. Avae soksi moja mkononi na aisugue kwa nyingine, halafu abadilishe. Asuuze mara mbili katika maji safi, akamue, aanike kwa kibanio kwenye kamba iliyoshushwa usawa wake. Siku za mwanzo fua naye, wewe soksi moja, yeye moja. Baadaye kaa pembeni na kazi zako.

Kisha linakuja jaribu la mzazi: zimeanikwa na kisigino bado cheusi. Usizifue tena usiku kwa siri. Atakapogundua, na hugundua, atakuwa amejifunza kwamba kazi yake haikuwa kazi kweli. Kesho yake mwonyeshe kisigino, asugue zaidi. Akipatia, sifia kitu chenyewe: “Leo kisigino kimetakata.” Sentensi hiyo ina uzito kuliko kumwambia yeye ni mtoto mzuri, kwa sababu inamwambia alichokifanya.

Zikishakuwa mazoea, ongeza sahani yake ya chakula, kutandika kitanda, kupiga kiwi viatu Jumapili jioni. Jiko la mkaa, gesi na maji ya moto havimo katika orodha ya mwaka huu.

Hatua ya 5: Begi, madaftari na kusahau

Begi lipangwe usiku, na apange yeye. Mwanzoni hajui kusoma ratiba, kwa hiyo yapeni madaftari majalada ya rangi tofauti: kuhesabu bluu, kusoma jekundu. Penseli mbili zilizochongwa, ufutio, kichongeo. Jina liandikwe ndani ya kila daftari.

Atasahau. Wazazi wengi wakigundua hukodi boda na kulikimbizia daftari shuleni, na mtoto huzoea kwamba kumbukumbu yake ni simu ya mama. Kwa kigezo chetu, kusahau daftari ni kosa dogo, angepaswa kuachwa alihisi. Lakini shule zetu zina viboko, na sitajifanya kama havipo. Kanuni za Tanzania zinasema viboko visizidi vinne, na vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Darasani mambo huwa tofauti. Kwa hiyo kabla hujaamua kumwacha mtoto ajifunze kwa kusahau, nenda kaonane na mwalimu wake. Mwambie: “Mwalimu, mwaka huu namfundisha kupanga begi mwenyewe, na kuna siku atasahau. Naomba siku hiyo aandike kwenye karatasi, jioni nitahakikisha ananakili.” Walimu wengi tutakubali, tena kwa furaha. Ukiona hali ya shule hairuhusu, basi kila usiku yeye ataje kilichomo, wewe ukague. Mtoto wa miaka sita hafundishwi kukumbuka kwa fimbo. Anachojifunza ni kuogopa shule.

Kazi za nyumbani: kaa karibu, penseli usiishike. Msomee swali, mwulize anafikiri nini, kisha nyamaza. Naomba hili kama mwalimu: niletee daftari lenye makosa yake. Nikiona mwandiko wa mama, sitajua kwamba mtoto bado anachanganya b na d, na itapita miezi kabla sijagundua.

Hatua ya 6: Kumtuma dukani

Wazee wetu waliwafundisha watoto maisha kwa kuwatuma, na sijaona mbinu mpya inayoishinda. Safari moja ya dukani ina kukumbuka, kuzungumza na mtu mzima, kuhesabu, kutunza kitu na kurudi kwa wakati. Sharti ni kwamba duka liwe upande wenu wa barabara, umbali ambao ukisimama mlangoni unamwona, na iwe mchana. Jua likishazama hatumwi mtu.

Mara za kwanza nenda naye, ila yeye ndiye aongee: “Shikamoo, naomba chumvi pakiti moja.” Mangi amjue kwa jina na ajue ni wa nyumba gani. Mwombe pia asimpe pipi badala ya chenji. Baadaye unabaki mlangoni, yeye anakwenda na hela kamili ya kitu kimoja. Kisha vitu viwili. Ukiona anavikumbuka, mpe hela yenye chenji, lakini hesabuni kabla hajaondoka. Mwekee mezani mfano wa sarafu: “Una elfu moja, kitu ni mia saba. Utarudishiwa mia tatu: hii ya mia mbili na hii ya mia moja.” Akirudi, azipange pale pale mbele yako.

Chenji ikipungua, tulia. Uliza kwanza ilikuwaje. Mtoto anayefokewa kwa mia moja iliyodondoka, siku nyingine atatunga uongo, na uongo huo utamfaa kwenye mambo makubwa kuliko mia moja. Kama alinunulia ubuyu, basi hela ya mapumziko ya kesho inapungua mia moja, na suala limekwisha.

Hela ya mapumziko nayo mfundishe hapohapo. Anza kwa kumpa ya siku moja tu. Muhula wa pili jaribu ya siku mbili. Akiimaliza yote siku ya kwanza kwa kashata na barafu, mfungie chakula cha nyumbani siku ya pili, usimwongezee hela.

Hatua ya 7: Mwili wake na watu wengine

Kabla hajaanza kutembea mbali na macho yako, ajue kwa kichwa: majina yake matatu, jina la mama na la baba, mtaa na alama ya karibu (msikiti, kanisa, kisima), na namba moja ya simu. Namba ifundishe kwa kuiimba tarakimu tatutatu.

Mwambie kwa majina yake halisi sehemu za mwili ambazo hakuna wa kuzishika, na kwamba hakuna mkubwa anayeruhusiwa kumpa siri ya kumficha mama. Mchague neno moja la familia: yeyote atakayekuja kumchukua shuleni bila kulijua neno hilo, mtoto haendi naye, hata kama ni mjomba anayemfahamu.

Hapa kuna jambo gumu katika malezi yetu. Tunawalea watoto wamtii kila mkubwa, na mtu mbaya huutegemea utii huo. Mtoto aendelee kutoa shikamoo na kupokea vitu kwa adabu, lakini asikie kutoka mdomoni mwako kwamba anaruhusiwa kumwambia mtu mzima hapana, akakimbia, na kuja kukwambia, na kwamba hatapigwa kwa hilo. Kisha lithibitishe kwa mambo madogo: hataki kumkumbatia mgeni? Asalimie kwa mkono.

Jioni usiulize “umesoma nini?” Utajibiwa “hamna.” Uliza alicheza na nani wakati wa mapumziko, nani alilia leo, nani alimkalisha wapi kwenye gari. Likitokea la kutisha, namba 116 ni ya huduma kwa mtoto na hupigwa bure, Tanzania na Kenya. Vituo vya polisi pia vina dawati la jinsia na watoto.

Hatua ya 8: Barabara, ya mwisho

Mtoto wa miaka sita anaweza kukuimbia kanuni zote za kuvuka na bado asiweze kukadiria gari linakuja kwa kasi gani. Uwezo huo hukomaa polepole, na wengi huupata vizuri wakiwa na miaka tisa, kumi. Isitoshe ni mfupi: akisimama mbele ya daladala dereva hamwoni, naye haoni bodaboda inayopita pembeni. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: barabara kubwa ya lami mtoto wa darasa la kwanza havuki peke yake, hata awe na akili namna gani.

Kumfundisha anza sasa. Muhula wa kwanza shika kifundo cha mkono wake, kwa kuwa vidole huchomoka, na useme kwa sauti kila unachofanya: “Tunasimama. Kulia. Kushoto. Kulia tena. Bodaboda je?” Huku kwetu magari hupita kushoto, ndiyo maana la kwanza kukufikia hutokea kulia. Lakini bodaboda hutokea popote, hata upande usio wake, kwa hiyo macho yazunguke pande zote kila mara. Mkivuka njia ya mwendokasi, simameni upya kabla ya njia hiyo na muangalie tena pande zote mbili, kwani mabasi hupita humo kwa kasi hata magari mengine yakiwa kwenye foleni.

Muhula wa pili mgeuze: yeye aseme, wewe ufuate. Akikosea, msimamishe pale pale mrudie. Kwenye vichochoro vya mtaa mwache atangulie hatua kumi, achague njia, wewe nyuma kimya.

Akishuka kwenye daladala au gari la shule, asubiri liondoke kabisa ndipo avushwe. Asivuke mbele yake, asivuke nyuma yake. Kama hakuna mtu mzima wa kumpeleka, tafuta mwanafunzi mkubwa wa jirani, darasa la sita au la saba, ongea na wazazi wake, na makabidhiano yafanyike mlangoni. Kwenye daladala apande naye na nauli ya mwanafunzi mkononi, si begini, ili asibaki anapekua gari linapoondoka. Boda inayobeba watoto wanne usiikubali hata kama ni nafuu.

Akirudi nyuma

Aliyekuwa anajivalisha anaweza kuamka Aprili na kutaka avalishwe. Mara nyingi kuna sababu: homa, mdogo wake amezaliwa, mwalimu amebadilika, kuna anayemwonea. Msaidie siku mbili tatu, chunguza, kisha mrudishie kazi yake bila hotuba. Likizo ya Juni nayo hufuta mengi, hasa akienda kwa bibi aliyemkosa muda mrefu. Wiki ya mwisho ya likizo arudi kwenye ratiba ya kulala na soksi zake.

Desemba chukua lile daftari la Januari, pitia orodha mstari kwa mstari mkiwa wawili, na akate mwenyewe kwa penseli yale ambayo sasa anayafanya. Yatakayobaki bila kukatwa yawe barabara kubwa, moto, kutoka nje usiku, na kukaa nyumbani peke yake. Hayo yanaendelea kuwa yako darasa la pili, na barabara mpaka darasa la nne hivi. Kwa yaliyokatwa, mpandishie daraja: kutoka soksi kwenda shati, kutoka hela ya siku mbili kwenda ya wiki.